Mzaliwa wa Wessenburg

Edna alikuwa amechoshwa na kamati. Walimbembeleza aandike kurasa mbili juu ya Wessenburg, mji wa Ujerumani wenye udugu na usharika wao wa Bladensburg, Marekani, na sasa ni haohao waliokuwa wakiichanachana kazi yenyewe. Wageni wa Kijerumani walikuwa waje Jumapili, na kijitabu cha mapokezi kilikuwa hakijachapwa, kwa sababu kila kiongozi alitaka salamu zake ziwemo, na picha yake, tena ya suti.

Mwingine wa kuandika hakuwepo. Ni Edna peke yake aliyewahi kuishi Wessenburg, enzi mumewe akisoma huko: mji si mkubwa si mdogo, wenye mto, kiwanda cha vigae na stesheni ambako treni haikusubiri hata mama mjamzito. Aliyaandika hayo yote. Akafika kwa wazaliwa mashuhuri: fundi wa vinanda vya kanisani, daktari wa kwanza mwanamke, mchoraji wa ramani. Mwishoni akaongeza mstari mmoja: Adela, binti wa Edna, aliyezaliwa na kuzikwa Wessenburg.

Kwake mstari huo ulikuwa ndio kazi nzima. Kule kaburi hukodishwa, na muda ukiisha bila kuongezwa, jiwe huondolewa. Edna alikuwa ameshahamia Bowie, jirani na Bladensburg, amebadilisha anwani na simu, na habari zilipomfikia jiwe lilikuwa limeshang'olewa. Jina la mwanawe sasa halikuwa limeandikwa popote. Alijiona mama mzembe, na uchungu huo hakuwa na wa kumwambia.

Ijumaa Bilha, dada wa Kikenya aliyepanga kurasa, alimpigia simu.

"Dada Edna, usinikasirikie. Chairman amesema ni-remove ile line ya mwisho. Ati space imeisha."

"Imeisha? Na picha yake imekula nusu ukurasa!"

"Haki nimejaribu kumwambia."

Edna akampigia Boniface mwenyewe.

"Pole sana, dada yangu," alisema mwenyekiti, kwa sauti ya kumbembeleza mgonjwa. "Lakini wale ni watu mashuhuri. Mtoto mchanga ni mashuhuri kwa lipi? Wageni watatushangaa."

Edna akakata simu. Kwa hasira hata chai ikamshinda.

Jumapili ukumbi ulijaa. Edna alipewa kusoma kurasa zake, na Boniface, aliyejipa pia ushereheshaji, alisimama kando yake na maikrofoni. Kwao nyumbani mtu wa heshima hatajwi akapita bila makofi mazito, na Boniface aliupenda mtindo huo kupita kiasi. Edna akimtaja fundi wa vinanda, yeye: "Makofi matatu ya kilo!" Ukumbi: pa, pa, pa. Daktari: pa, pa, pa. Wajerumani walishtuka mwanzoni, kisha wakanogewa.

Edna alisoma bila raha, kama anayesoma bili ya maji. Alipommaliza mchoraji wa ramani, chini yake hapakuwa na kitu ila Boniface akitabasamu pichani. Akakifunga kijitabu.

"Na Adela," alisema. "Mzaliwa wa Wessenburg."

Boniface alikuwa ameshageukia meza ya chakula, akiwaashiria akina mama wafunue pilau. Mdomo wake ulikwenda kwa mazoea tu. "Na huyo naye, makofi matatu ya kilo!"

Pa, pa, pa. Wageni ndio waliopiga kwa nguvu zaidi, na mzee mmoja wao akaongeza la nne.

Boniface alifungua kijitabu, akapekua mbele, akarudi nyuma, kisha akamtazama Edna. Edna alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, maneno yote makali yakiwa tayari mdomoni. Kwa makofi hakuwa amejiandaa. Alijishika kwenye meza, machozi yakimtiririka mbele ya watu wote.

"Tuendelee, dada?" Boniface alinong'ona, amesahau kuzima maikrofoni.

"Hapana," alisema Edna. "Wa mwisho ni huyo."