Mapato ya Baba

Kendra Stegall aligeuza kichwa ili sikio la kulia limwelekee yule mama wa ofisi, maana la kushoto lilikufa akiwa na miaka kumi na sita, siku baba yake alipompiga jikoni kwa mpini wa beleshi. Bi Haskew wa ofisi ya misaada ya fedha alidhani ni maringo. Akalirudia swali lake taratibu, kwa sauti ya kumsemesha mtoto: baba yako anaingiza kiasi gani kwa mwaka?

Kendra akasema hajui. Akasema ana miaka thelathini na moja, kodi ya chumba anajilipia tangu ujana, digrii ya kwanza ameisoma jioni huku mchana akifanya kazi kliniki ya wanyama, akishika mbwa wang'olewe meno, na tangu alipotoka kwa huyo baba hajawahi kuonja hata biskuti yake. Bi Haskew alitikisa kichwa kwa huruma. Alikuwa mtu wa sauti tamu, na mezani pake palikuwa na bakuli la peremende kwa ajili ya wanaolia.

"Mkopo wa kawaida wa serikali kuu unaupata, mwanangu," alisema. "Huo hauulizi habari za wazazi. Ila una kikomo, na kikomo chake hakifikii ada ya hapa. Ule wa nyongeza wamekunyima kwa sababu ya lile deni lako la hospitali. Umebakiwa na huu wa wanaosomea tiba, na huu unataka mapato ya wazazi, hata ungekuwa bibi kizee."

"Ndivyo sheria inavyosema?"

"Sheria inaturuhusu kusamehe. Chuo ndicho kimeamua kisimsamehe mtu, ili wote watendewe sawa."

Deni lenyewe la hospitali lilikuwa la upasuaji wa sikio lile lile, na upasuaji haukusaidia kitu. Kendra alikuwa amekuja na nakala ya hukumu mkononi. Alijua wangemuuliza, hakuja kichwa kichwa. Royce Stegall, amepatikana na hatia ya kumjeruhi binti yake, faini, na marufuku ya kumiliki bunduki maisha yake yote. Bi Haskew aliisoma yote, midomo kaibana, kisha akairudisha kwa ncha za vidole.

"Pole sana, jamani," alisema. "Lakini hii inaonyesha kwamba yu hai."

Angekuwa amekufa, palikuwa na mahali pa kujaza. Angekuwa gerezani, palikuwa na mahali pa kujaza. Baba mzima anayefuga kuku mwendo wa saa moja kutoka hapo, na aliyemtoboa mtoto wake ngoma ya sikio, fomu haikumfikiria. Bi Haskew akamkumbusha kwamba mwisho ni Ijumaa, saa kumi na moja jioni, na kwamba kwenye orodha ya kusubiri kuna watu wanaoomba Mungu wenzao washindwe. Kendra alikuwa ameomba udaktari wa mifugo mara tatu. Mara mbili walimkataa, mara ya tatu wakamkubali, na alipoisoma barua ile alikaa chini kwenye sakafu ya bafu akalia mpaka akacheka. Asipoingia mwaka huu hataingia tena, na hilo alilijua vizuri kuliko Bi Haskew.

Basi kesho yake akaenda.

Hapo kwa Royce harufu hukupokea kabla ya mbwa. Mabanda manne marefu, marefu mpaka mtu wa upande wa pili anaonekana kidole, na ndani yake kuku weupe wamebanana juu ya maranda yaliyolowa mkojo. Vifaranga vya kampuni, chakula cha kampuni, bei ya kampuni. Cha Royce kilikuwa deni la benki na mizoga. Alimkuta banda la tatu akiokota vilema, wale waliovimba vifua miguu ikashindwa kuwabeba. Alikuwa anawanyonga mmoja mmoja na kuwatupa ndooni. Hakumsalimu. Alisukuma ndoo nyingine kwa mguu.

"Kama umekuja kuomba, fanya kazi kwanza."

Kendra akainama, akafanya. Alijua namna ya kuvuta na kukunja kwa mpigo mmoja ili ndege asijue kilichompata. Royce hakuwa na haraka hiyo. Alikuwa akiwazungusha, akiwaacha wapigepige mabawa, na alipoona binti yake anavyofanya alicheka na kumwita daktari wa kuku. Akamuuliza kama ni kweli watu hulipa mali yote hiyo kwenda kufundishwa kumtibu paka. Kendra akajibu kifupi, akaeleza shida yake: anataka karatasi za kodi za Royce za mwaka jana, na saini ya Royce mahali pamoja. Sikuombi hela, Baba. Senti hutatoa.

Luanne alikuja na bilauri mbili za chai ya barafu. Huyu ndiye mke wa pili wa Royce, mama wa makamo aliyekuwa mpishi wa jikoni shuleni kabla hajakatazwa kwenda kazini. Juni ile, joto limewatoa watu ulimi, na yeye kavaa shati la mikono mirefu lililofungwa vifungo mpaka kwenye vifundo. Kendra aliyatazama yale mashati akayajua, maana aliyavaa yeye zamani. Luanne naye alijua kuwa anatazamwa. Akasema chai ina sukari ya kutosha.

Royce alikunywa yake yote, akafuta mdomo. Kisha akasema kumbe Mungu hamtupi mja wake. Miaka hii yote amekuwa akienda msituni msimu wa kuwinda kulungu na darubini tu, mwanamume mzima, na kanisani vijana wanamwita bibi. Mwanasheria wake alimwambia kuna njia moja tu ya kurudishiwa bunduki: yule aliyemshitaki aandike kwamba alidanganya. Karatasi iko tayari tangu majira ya baridi, ndani ya pikapu. Imeandikwa vizuri, imesema kwamba Kendra aliteleza kwenye ngazi, na kwamba alimsingizia baba yake kwa hasira ya kukatazwa mvulana.

"Utie saini yako, nitie yangu," alisema. "Tunadaiana nini tena?"

Kendra alimtazama Luanne. Luanne alikuwa anatazama barafu inavyoyeyuka kwenye bilauri.

"Hapana," Kendra alisema.

Hakumaliza hata kulifunga neno. Mkono wa Royce ulimkamata shingo kwa nyuma, mkono uliotoka kunyonga, ungali na joto la kuku, ukamwinamisha mpaka magoti yakagonga maranda. Akamzamisha uso ndani ya ndoo. Manyoya yalimwingia puani, na kuku mmoja ambaye hajafa bado akampapasa shavuni kwa ukucha. Alijaribu kuinuka, akasukumwa chini zaidi. Alijaribu kupumua, akavuta mavi na damu. Royce alimpiga teke la ubavu, si kwa hasira, kwa mazoea tu, halafu akainama.

"Sikio zima ni lipi?" aliuliza. Akalipata, akasemea humo humo. "Ulininyang'anya bunduki zangu. Nirudishie."

Alipomwachia, Kendra alitapika chai. Luanne alikuwa bado amesimama pale pale, bilauri tupu mkononi, machozi yanamtiririka bila sauti, na hakusogea hata hatua. Kendra hakumlaumu. Alijilaumu mwenyewe, kwa sababu hapo hapo, akiwa amepiga magoti na matapishi kidevuni, alikuwa keshaanza kuhesabu: mimi naondoka hapa, yeye anabaki, mimi nikikataa, sipati chuo, na yeye atapigwa vile vile. Hesabu ilikuwa rahisi, na aliona aibu iliyomchoma mpaka masikioni. Alisaini juu ya mfuniko wa pipa la chakula cha kuku. Royce naye akamtupia karatasi za kodi, akapuliza wino wa saini yake ukauke, akasema mwanasheria anataka wamsubiri hakimu aisome lakini yeye kusubiri kumemtosha. Bunduki zilikuwa kwa kaka yake muda wote huo. Jioni hiyo angezifuata.

Njiani Kendra aliegesha gari pembeni akashika simu ili ampigie sherifu, mkuu wa polisi wa kule. Angemwambia nini? Kwamba ile karatasi ya kusema nilidanganya, ndiyo ya uongo? Akairudisha simu mfukoni.

Jumatano Bi Haskew alifurahi kweli. Aliona alama za vidole shingoni mwa Kendra, akaziangalia kidogo, akahamishia macho kwenye karatasi. Akasema mara nyingi mambo haya huwa nafasi ya familia kupatana. Kalamu yake ikashuka mstari kwa mstari, halafu ikasimama.

"Baba yako ameoa."

"Ndiyo."

"Basi mama wa kambo naye lazima asaini. Nyumba ni moja, mapato ni ya nyumba." Akasukuma fomu upande wa pili wa meza. "Kwa kalamu, sio kwenye kompyuta. Na ifanane na ya leseni yake ya gari, mwanangu, maana watu siku hizi wanaghushi. Isipofanana naikataa, itanibidi."

Kendra alimpigia Luanne siku hiyo, akapiga tena, hakupokea. Alhamisi akapokea Royce. Akasema yake ameshamaliza, mkewe hayumo kwenye mapatano, na simu ya nyumbani kwake si ya kupigwapigwa. Akakata.

Ijumaa alasiri daktari alikuwa ameitwa shambani kuzalisha ng'ombe, na Kendra alikuwa peke yake kwenye kliniki ya wanyama anakofanya kazi. Fomu ilikuwa kwenye mkoba wake, imejaa kila mahali isipokuwa mstari mmoja. Alikuwa amekata tamaa tayari, anaosha vizimba, aliposikia mlango wa nyuma ukisukumwa kwa bega.

Luanne aliingia na mkono wa kulia umeviringishwa taulo ya jikoni, na taulo ilikuwa nyekundu mpaka pindoni. Uso wake ulikuwa mweupe kama unga. Akakaa mwenyewe juu ya meza ya chuma wanapolazwa mbwa, kwa adabu, akivuta sketi ifunike magoti.

"Alilipiga jokofu risasi," alisema. "Mkono wangu ulikuwa kwenye mlango wake. Aliona namba yako kwenye simu."

Kendra alisema hospitali, sasa hivi, nakupeleka. Luanne akatikisa kichwa. Hospitali jeraha la risasi ni lazima wamwite sherifu, na sherifu ndiye aliyemfikishia hakimu ile karatasi, alimwona Royce kanisani akampa mkono. Nani atamsikiliza? Alisema haya bila kinyongo chochote, kama mtu anayeeleza kwa nini barabara fulani haipitiki. Amekuja tu ashonwe, kisha arudi kabla Royce hajatoka mjini kununua risasi.

Kendra alifungua taulo. Kidole cha mwisho hakikuwepo. Cha pete kilining'inia kwa ngozi. Kiganja kilikuwa kimechanika mpaka mfupa ukaonekana, na damu ilikuwa inatoka kwa mapigo. Alikuwa ameona ng'ombe waliokanyagwa na mbwa waliogongwa na malori, mikono yake ikajua la kufanya kabla yake: ikabana, ikaweka pamba, ikanyanyua mkono juu, ikavuta dawa ya ganzi kwenye sindano. Saa ya ukutani ilikuwa imepita kumi. Mpaka chuoni ni nusu saa, ukikimbiza gari.

Akasimama na sindano hewani.

Ganzi ikishaingia, vidole hivi havitashika kitu. Vikishashonwa na kufungwa, havitashika kalamu mpaka majira ya baridi, kama vitashika tena. Kidole gumba kilikuwa kizima. Cha shahada kilikuwa kizima. Kendra aliyaona haya yote kwa pamoja.

Aliiweka sindano kwenye sinia. Akaenda kwenye mkoba.

"Bi Luanne," alisema, "kabla sijakufunga."

Luanne aliitazama fomu, akamtazama yeye. Hakuonekana kushangaa. Aliuliza kama hii ndiyo itakayomtoa Kendra huku. Kendra akasema ndiyo. Akauliza kama haimdhuru Royce, maana akigundua… Kendra akasema haimdhuru Royce hata kidogo, na hilo lilikuwa kweli. Luanne akaomba leseni yake itolewe kwenye pochi, aiangalie kwanza, ni muda hajaandika jina lake.

Kendra akaweka leseni mbele yake. Akatandika taulo safi chini ya kiwiko, si kwa ajili ya mkono, kwa ajili ya karatasi. Akampa kalamu katikati ya vile vidole viwili vizima. Mkono ukaanza kutetemeka, herufi ya kwanza ikaenda upande, damu ikakusanyika kwenye ukingo wa kiganja ikitafuta pa kudondokea, na Luanne akauma midomo akatoa mlio mdogo kooni.

Kendra alimkamata kifundo cha mkono, akakibana kwenye chuma kwa nguvu zake zote.

"Tulia wewe," alisema. "Ifanane na ya leseni."

Luanne akavuta pumzi, akasema samahani, akaendelea na herufi ya pili.