Piza ya Kanze

Kaingu alikuwa mpishi katika hoteli moja ya Wataliano kule Malindi, na kila Jumamosi akirudi nyumbani Gede alimsimulia mkewe Kanze habari za piza. Kanze alichoka kusimuliwa. Jumamosi moja ya mwaka 1986 alikanda unga wa ngano na hamira, akauacha uumuke, kisha akamwambia mumewe, "Leo wewe ni mgeni. Keti mkekani, jiko usiliguse."

Jibini hakuwa nayo. Alipaka rojo la nyanya, akapanga vitunguu na vipande vya samaki wa kukaanga, akafunika sufuria na kuweka makaa chini na juu ya kifuniko. Piza ya kwanza iliungua chini, na juu ingali mbichi.

"Mke wangu, tusonge sima tule," Kaingu akasema. "Mchicha si upo?"

"Ukisonga sima utaila peke yako."

Ile iliyoungua aliwatupia kuku. Akapunguza makaa ya chini, akaongeza ya juu, akachuchumaa papo hapo huku moshi ukimtoa machozi. Njaa ilimuuma yeye pia, lakini hakuwa tayari kushindwa na unga.

Ya pili ilipoiva, Kaingu alikula kipande, akachukua kingine.

"Hii si kama ya hotelini," akasema.

"Najua. Tamu, si tamu?"

"Tamu. Hebu nifundishe ulivyoyapanga hayo makaa."

Kanze akacheka, akaketi kando yake, na alasiri ile yote hawakuinuka mkekani.