Picha Isiyotikisika

Mwaka ule watu wa mlimani waliposhushwa na serikali kuja kuishi kando ya barabara, Shangazi Marita alishuka na kuku wake, sufuria zake na kinu chake. Nyumba aliiacha bila kutoa chozi. Nyumba ni udongo, alisema, na udongo hata huku chini upo. Kilichomuuma ni kahawa. Mibuni ile aliipanda yeye na marehemu mumewe, Osea, miche wameibeba wenyewe kutoka Mbozi Mission, na mvua za kwanza zilikuwa zimeshaigusa. Imejaa maua meupe, inanukia mpaka njiani. Sasa mtu anauachaje mti ukiwa na maua?

Akamwendea mwenyekiti wa kijiji kipya, Ndugu Anania.

"Kahawa yangu nitaendelea kuichuma, au ndiyo basi?"

"Shangazi, bado haijaamuliwa," alisema Anania, naye si mtu mbaya, ila alikuwa mtu wa kungoja kuambiwa. "Huenda kila mtu akabaki na yake. Huenda ikawa mali ya kijiji. Wakubwa ndio watakaosema."

"Hao wakubwa wameiona?"

"Wataionea wapi?"

Marita akarudi nyumbani na jibu hilo hilo, akalirudia jioni nzima mbele ya Elizabeti, binti wa kaka yake aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. "Wataionea wapi! Unasikia mwanangu? Wanaikatia kauli kahawa wasiyoijua hata rangi."

Ndipo akaja Shaban.

Shaban alikuwa mpiga filamu, mtu wa Tabora aliyehamia Tunduma kumfuata mjomba wake mwenye malori. Alikuwa amepewa na serikali kazi ya kutengeneza sinema ya watu wanavyohamia vijijini. Alikuja na gari, kamera moja ya kutia ufunguo kama saa ya ukutani, na dude ambalo watoto walilikimbia siku ya kwanza. Lilikuwa bomba la fremu ya baiskeli lililosimama wima. Juu yake inakaa kamera, chini kimening'inia kipande cha chuma kilichosazwa na wajenzi wa reli, na katikati pana mahali pa kushikia panapozunguka. Yeye aliliita mzani. Kwa sababu juu na chini vinavutana, alieleza, kamera inatulia hata kama anayeibeba anatembea.

"Sasa si ulibebe mwenyewe?" aliuliza Elizabeti.

"Huu mguu huu, dada." Alijipiga paja la kushoto. "Lori lilinipitia. Nikitembea, picha inalewa."

Alijaribu vijana kadhaa pale uwanjani. Mmoja alikimbia nalo kama ameiba, mwingine alicheka mpaka akaliangusha, bahati lilikuwa na tofali badala ya kamera. Elizabeti alikuwa amesimama kando na karai lake la majani ya maharage. Shaban akamwita kwa kidole, kisha akakumbuka adabu, akamwita kwa jina.

"Dada Eliza, hebu njoo wewe usiyecheka."

Akalishika. Likamgeuka mkononi, tofali likatazama nyuma.

"Hapana, usilikamate kama jembe," alisema Shaban. "Mkono wa kulia ubebe uzito tu. Wa kushoto, vidole viwili, uguse. Umewahi kumshika mkono mgonjwa asiyetaka kuamka? Hivyo hivyo."

Hilo Elizabeti alilielewa. Wiki ile yote walikuwa uwanjani kila asubuhi. Alifundishwa kulegeza magoti, kutanguliza kisigino na kuukunjua unyayo polepole, kutotazama miguu yake. Alifundishwa upepo. Kwetu upepo unashuka mlimani kwa vishindo, na kila kishindo kilikisukuma kile chuma cha chini mpaka mzani wote ukageuka kama jogoo wa bati juu ya paa la kanisa. Shaban akamwonyesha kuupa upepo mgongo, na kukiacha kishindo kipite kwanza ndipo apige hatua. Mabega yalimuuma mpaka akashindwa kusonga ugali. Marita ndiye aliyemkanda kwa maji ya moto, huku akinung'unika kwamba hata jembe halijawahi kumchosha binti yake hivyo.

Siku tofali lilipotolewa na kamera ikawekwa, Elizabeti alitembea uwanja mzima. Shaban alikuwa anachechemea pembeni yake, uso umemng'aa kama mtu aliyeletewa mtoto. "Eliza wewe! Hiyo si picha ya kutembea, hiyo ni kuelea!" Na kweli, tusifichane, ile sifa ilimwingia. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kuna kitu anakifanya vizuri kuliko wengine.

Ndiyo maana alithubutu kumwomba.

"Kaka Shaban, sinema hii wakubwa wataiona?"

"Wao ndio wa kwanza."

"Basi mpige picha shangazi yangu kwenye kahawa yake. Aseme mwenyewe. Waione."

Shaban akakuna kidevu. "Kamera hii haina masikio, unajua. Inachukua picha tu. Sauti inatiwa baadaye, mjini."

"Sasa atakayosema yatapotea?"

"Hayapotei. Nitayasikia mimi. Nitayashika, yatiwe kama alivyoyasema. Nakuahidi, dada."

Elizabeti akamwamini. Marita alipouliza, "Hiki chuma kinasikia?" yeye akajibu, "Kitasikia, shangazi. Wewe sema." Alilifupisha neno la Shaban, akaliona halijapungua kitu.

Wakapanda mlimani. Marita alikuwa amevaa gauni la kanisani. Akaingia shambani akitembea mbele ya kamera, anagusa mti huu, anagusa ule, na kwa kila mti anasema. Huu tuliupanda mwaka wa nzige. Huu Osea aliuponya kwa majivu. Hii ni yangu, nimeilimia, sijampa mtu, naomba niachiwe niichume. Elizabeti alimfuata nyuma, kisha pembeni, magoti amelegeza, anasubiri upepo, anakwenda. Ufunguo ukiisha, Shaban anautia, Marita anaanza upya mti ule ule bila kuchoka. Mwisho aliitazama kamera usoni, akaieleza yote tena kwa utulivu, kama mtu anayemweleza daktari.

"Umetulia kuliko gari," Shaban alimnong'oneza Elizabeti.

Masika yote Marita alisubiri. Majirani walipolalamika, yeye aliwaambia, "Mimi nimeshasema langu. Limebaki la kujibiwa." Anania alipompita njiani, Marita alimkumbusha kwamba sinema iko mjini. Akashona hata mifuko ya kuchumia.

Kahawa ilipoanza kuiva, gari la Shaban likarudi. Shuka jeupe likatundikwa ukutani mwa ghala, jenereta ikaanza kunguruma, na jua lilipozama tu kijiji kizima kilikuwa kimekaa chini. Marita alikaa mbele kabisa, juu ya kigoda chake. Elizabeti alikaa karibu naye, anangoja kwa hamu, kwani hata yeye alikuwa hajaiona kazi yake.

Walijiona wakishuka na mizigo, wakacheka. Walimwona Anania akinyoosha kidole, wakacheka zaidi. Halafu maua yakajaa shuka zima, na katikati ya maua akaja Marita.

Picha haikutikisika hata kidogo. Ilikwenda naye kati ya miti, laini, kama maji yanavyokwenda na jani, mpaka watu wakasogea mbele kuitazama. Mkono wake ukagusa mti. Ukagusa mwingine. Akageuka, akafungua mdomo.

Ikatoka sauti ya mwanaume.

"Mama huyu anaaga miti yake kwa furaha," ilisema. "Amepanda, amevuna, na sasa kwa moyo mkunjufu anaikabidhi kahawa yake yote kwa kijiji. Anasema: ichukueni, wanangu, ni yetu sote."

Mdomo wa Marita ulikuwa unakwenda, unakwenda, na ile sauti nzito inatokea humo. Kijana mmoja nyuma akapasuka kicheko. "Shangazi ameota ndevu!" Watu wakaanguka wakicheka. Wengine wakampigia makofi, kwa nia njema kabisa.

Elizabeti hakucheka. Ile sauti alikuwa anaijua. Ilikuwa inavuta maneno mwishoni, kuvuta kule kule kulikomfundisha kulegeza magoti. Ilikuwa sauti ya Shaban.

Akaenda nyuma ya mashine ya sinema. "Ni wewe."

"Nilipewa karatasi, Eliza. Nikaambiwa soma."

"Ulisema utayashika maneno yake."

"Nilisema. Niliwapelekea. Wakaniambia maneno ya mama mmoja hayajengi nchi." Alikuwa analiangalia gurudumu la filamu, si Elizabeti. "Lakini picha yako, dada, waliipenda mno. Mmoja aliapa hakuna mtu anayeweza kutembea vile. Ingekuwa inatikisika wangeitupa."

"Ingetupwa?"

"Ingetupwa."

Hapo ndipo ilipomchoma. Asingejifunza, Marita asingeonekana akiigawa kahawa yake.

Aliporudi mbele, Anania alikuwa amemshika Marita mkono kwa mikono yake miwili. "Shangazi, umetuondolea mzigo! Tulikuwa tunagombana kuhusu ile kahawa. Kumbe umeshatoa."

"Sikutoa."

"Si tumekuona wote?"

"Mmeniona. Mmenisikia?"

Anania akaangalia watu, watu wakaangalia shuka. Marita akaokota kigoda chake. Alipompita Elizabeti alisema kwa sauti ya chini, "Uliniambia kinasikia," akaenda zake.

Kulipokucha kijiji kilipanda kwenda kuchuma kwa pamoja, na Shaban akataka kupiga picha ya mwisho. Marita naye alikwenda. Alisema hawezi kukaa nyumbani wakati watu wasiojua kuchuma wanavunja matawi yake. Shaban akamkabidhi Elizabeti mzani, naye akaupokea kwa mazoea tu, vidole viwili, magoti yakalegea yenyewe. Akamwona Marita kupitia kioo kidogo cha kamera. Marita alikuwa amejifunga mtandio usoni, macho tu ndiyo yako nje.

"Mama, jifunue kidogo," Shaban aliomba. "Mwanga ni mzuri."

"Mdomo si ulishauchukua, baba? Unataka nini kingine?"

Wachumaji wakacheka, kisha wakaacha. Elizabeti akauteremsha mzani chini, taratibu, asiharibu kitu cha mtu. "Beba mwenyewe," akamwambia Shaban, akaingia kwenye mstari wa Marita.

Hakuwa na mfuko. Akakunja upindo wa kitenge chake, akaanza kuchuma zilizoiva, moja moja, kama alivyofundishwa utotoni na mikono ile ile iliyokuwa mbele yake. Walichuma hadi mti wa tatu. Upindo ulipojaa akausogelea mfuko wa Marita amimine. Marita akauhamishia mfuko upande wa pili.

"Hizo peleka kwa Anania," alisema. "Ni za kijiji."

Elizabeti alisimama pale na kitenge chake kimemlemea. Kisha akazipeleka.