Kuchomwa kwa Bi Elisabeth

Watoto wake ndio waliompeleka. Armelle Pohardy alikuwa amestaafu unesi baada ya miaka thelathini na moja, karibu yote ndani ya wodi ya walioungua moto, na wanawe wakaona mama sasa apate kitu cha kumfurahisha. Wakamwandikisha siku tano kwenye kambi ya historia, papo hapo Anjou alikozaliwa, katika nyumba kubwa ya mawe meupe juu ya mto Loire. Wageni kumi na mmoja walilala humo, wakala humo, na kila asubuhi wakakaa kwenye ukumbi kusikiliza chimbuko la wafalme wa Plantagenet: jinsi ukoo wa mlinzi wa msitu ulivyopanda ukawa wa mabwana wa Anjou, ukajenga ngome kila kilima, hadi mjukuu wao akavikwa taji la Uingereza.

Mwenye nyumba, Aymeric Delaunoy, alikuwa mwalimu mstaafu, mrefu, mwenye sauti nzito ya kupendeza na mikono isiyotulia. Kila mtu alimwita Mwalimu. Mkewe, Solange, alipika, akatandika vitanda, akaosha vyombo, na wageni walikuwa wakimshukuru bila kumtazama usoni.

Mwalimu alijua kusimulia, hakuna wa kumnyima hilo. Alipowasimulia kisa cha mke wa bwana mmoja wa kale aliyelazimishwa kukaa kanisani mpaka mwisho wa misa, akapasua paa akaruka zake kwa kuwa alikuwa mtoto wa shetani, hata Armelle alisahau kahawa yake ikapoa. Kisha siku ya pili wakafika kwa Foulques Mweusi, bwana wa Anjou wa miaka elfu iliyopita.

"Basi bwana mkubwa akarudi kutoka vitani, akaambiwa mkeo Elisabeth ana mtu," Mwalimu alisema huku akitembea mbele yao. "Enzi hizo wakili wa talaka hakuna. Akafanyaje? Watu wanasema alimvisha gauni lake la arusi, akampeleka sokoni Angers, akamwasha kama mshumaa! Halafu akaenda Yerusalemu kutubu. Safari yote hiyo, jamani! Mnaona mwanamke anavyoweza kumchosha mtu?"

Ukumbi ulivuma kwa kicheko. Armelle naye alicheka. Kicheko kilimtoka kabla hajakifikiri, kama chafya, na alipofunga mdomo akahisi kama amelamba kitu kichafu.

Siku ya nne mchana wageni waligawiwa majoho na mataji ya karatasi, maana jioni kulikuwa na karamu ya Foulques. Armelle aliingia jikoni kuomba pini ya kubania joho lake. Alimkuta Solange amesimama dirishani na kisu mkononi, uyoga nusu umemenywa nusu haujamenywa. Nje, uani, Mwalimu na mgeni mmoja aitwaye Régis, muuza matrekta kutoka Cholet, walikuwa wakivisha gauni jeupe sanamu ya Elisabeth ya majani makavu, ya kuchomwa jioni. Régis alikuwa ameijaza sanamu matiti makubwa kupita kiasi, na sasa alikuwa akiyapapasa huku akimkonyeza mwenzake.

"Lile gauni ni langu," Solange alisema.

"La kwako vipi?"

"La arusi. Lilikuwa darini kwenye sanduku. Miaka yote anatumia shuka, ila mwaka jana wageni walilalamika, eti haionekani kama kweli."

"Alikuomba?"

Solange akatikisa kichwa kukataa.

"Basi mwambie alirudishe. Au nimwambie mimi?"

"Achana nalo, dada. Ni kitambaa tu. Hata halinitoshi tena." Akarudi kwenye uyoga wake. Lakini uyoga aliouchukua alikuwa ameshaumenya, naye akaendelea kuumenya mpaka ukabaki kijiti.

Armelle akatoka bila ile pini.

Walikaa mezani uani jua likiwa bado liko juu ya mto. Kulikuwa na samaki wa mtoni aina ya mikunga, wa kukaanga, jibini ya mbuzi, na divai nyeupe iliyomiminwa bila kuulizwa. Sanamu ilisimama hatua kumi kutoka mezani, imefungwa kwenye nguzo, na kichwani ilikuwa na wigi la manjano la katani. Armelle alijaribu kula. Mikunga ilikuwa laini, yenye mafuta, na kila kipande alichotia mdomoni kilikataa kushuka. Mkabala naye, Bi Ghislaine, mjane wa daktari wa meno, alikuwa akinyonya vidole kimoja kimoja na kuuliza lini wataanza.

Ndipo Mwalimu akaleta kopo la mafuta ya taa. Akaimwagia sanamu kuanzia miguuni, akipanda taratibu, akiongea na gauni kwa sauti ya mapenzi: "Pole, mke wangu. Pole, mpenzi." Watu walikuwa hoi kwa kicheko. Upepo ukaleta ile harufu mezani.

Armelle akaijua. Si mafuta ya taa tu. Aliijua harufu inayofuata. Akamkumbuka msichana wa miaka ishirini na tisa ambaye mumewe alimmwagia petroli ndani ya gari. Aliishi siku tisa, na kila siku aliomba kioo, na kila siku Armelle alimdanganya kwamba kioo cha wodi kimevunjika. Mate yakamjaa mdomoni. Akatema kwenye kitambaa cha meza, mbele ya watu.

"Nani atapewa heshima ya kuwasha?" Mwalimu aliuliza.

Mikono ikanyanyuka. "Mimi! Mimi!" Bi Ghislaine akashinda. Wengine wakaanza kupiga meza kwa visu: "Choma! Choma! Choma!"

Armelle akanyanyuka, akavua taji la karatasi, akaenda hadi kwenye ile nguzo. Walidhani ni sehemu ya mchezo, wakampigia makofi. Akaizunguka sanamu, akaanza kufungua vifungo vya mgongoni. Vilikuwa vidogo, vimefunikwa kitambaa, ishirini na kitu, vimelowa mafuta na vinateleza. Akavifungua kimoja baada ya kingine kwa vidole vilivyozoea kutoa bandeji. Hakuharakisha.

"Bibi nesi, mgonjwa wako keshakufa!" Régis alipaza sauti.

Wakacheka tena, ila safari hii kicheko kilikatika njiani.

"Bibi," Mwalimu alisema, akimsogelea, akitabasamu kwa meno tu, "hii ni historia. Mimi nafundisha ukweli, hata ukiwa mchungu."

"Ukweli gani?" Armelle hakunyanyua macho kwenye vifungo. "Siku nne umetuambia jina la kila ngome na nani aliijenga. Huyu umempa dakika mbili, na zote umecheka. Alikuwa na miaka mingapi?"

Mwalimu akaweka kopo chini.

"Alikuwa na mtoto? Mtoto alikuwa na miaka mingapi? Hujui. Mimi nitakuambia ninachokijua. Mtu akiungua hapigi kelele kwa muda mrefu. Koo linavimba. Halafu anaomba maji, na maji hayapiti. Nimekaa nao. Kuna aliyewahi kukaa nao hapa?"

"Tumekuja kustarehe, mama," mtu mmoja akanung'unika mwisho wa meza. "Kwani lazima utuharibie chakula?"

"Vua haraka basi," Régis akasema. "Tutamchoma uchi. Hata bora zaidi!"

Na ndivyo walivyofanya. Armelle alipolitoa lile gauni, Bi Ghislaine alimpita pembeni na kiberiti, akiomba radhi kwa adabu kama mtu anayempita mwenzake mlangoni, akawasha. Majani yakalipuka. Wigi liliteketea kwanza. Watu wakapiga makofi, wakapiga picha, na Mwalimu akapata sauti yake tena: "Huyo! Nendeni mkatubu Yerusalemu!"

Armelle aliwatazama nyuso zao zikiwa nyekundu kwa moto, midomo inang'aa mafuta ya mikunga, na kinyaa kikampanda hadi kwenye meno. Watu wenye wajukuu. Watu waliokuwa wakimpitishia chumvi kwa heshima siku nne. Na kinyaa hicho hakikumbagua. Kilimpata yeye pia, kwa kuwa siku ya pili mdomo wake ulikuwa umefunguka sawa na wao.

Solange alikuwa mlangoni mwa jikoni. Armelle akampa gauni. Solange akalinusa, akakunja uso, akaingia nalo ndani. Pai ya mapeasi iliyotajwa kwenye ratiba haikutoka. Wageni walisubiri, wakaulizana, kisha Mwalimu akaita, "Solange! Pai!" Akaita mara tatu. Mwishowe Régis akaenda mwenyewe jikoni, akarudi mikono mitupu. "Amekaa tu," alisema. "Kaifunika pai kwa bakuli, anatazama ukuta."

Asubuhi Armelle alipakia mkoba wake kabla ya kahawa. Alipofungua mlango wa gari alimkuta Solange ameshakaa kiti cha mbele, amevaa koti la kanisani, na lile gauni limekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki mapajani.

"Unaelekea wapi?" Armelle aliuliza.

"Kwa dada yangu, Vihiers. Kama siyo njia yako, nishushe popote."

"Ni njia yangu," Armelle alisema, ingawa haikuwa.

Waliendesha na madirisha wazi. Hata hivyo harufu ya mafuta ya taa ilijaa mpaka Armelle ikambidi asimamishe gari kando ya shamba la mizabibu, akatapika kwenye nyasi. Solange akampa leso. Armelle alipokuwa akiikunja, simu ya Solange ikalia. Akasikiliza muda mrefu.

"Kabati la pili, kushoto," akasema, akakata.

"Ni yeye? Anasemaje?"

"Vichujio vya kahawa anavitafuta. Wageni wameamka." Solange alitazama mizabibu. "Hakuuliza niko wapi."

Kisha akashuka, akauchukua ule mfuko, akauweka ndani ya pipa la takataka la wakulima lililokuwa pale kando ya barabara, akaufunika. Akajifuta mikono kwenye nyasi zenye umande, mara nyingi, akainusa, akajifuta tena.

"Ulihangaika sana kulivua," alimwambia Armelle. "Samahani."

"Usiniombe samahani wewe," Armelle alisema. "Wewe usiniombe kabisa."

Walifika Vihiers saa nne. Dada yake Solange alikuwa akianika nguo, akaziacha kambani zikidondosha maji. Solange hakurudi kwenye ile nyumba wiki hiyo, wala mwezi huo, na wakati wa mavuno ya zabibu alikuwa amepata kazi ya kupika shuleni. Kambi iliendelea. Armelle alijua kwa sababu Bi Ghislaine, kwa wema wake, alimtumia picha za ule moto, zote kumi na nne, na chini ameandika: "Kumbukumbu nzuri." Armelle alizifuta moja moja, na baada ya kila moja akaenda kunawa mikono.