Mwenye Ngitili

1

Baba Shija ametoka na shoka alfajiri. Sasa jua limepanda, na hakuna mti uliolia.

Mkewe, Nyamizi, amesimama mlangoni na ungo mkononi. Anautegea sikio msitu wake.

Kimya.

2

Wewe unayesoma, kama hukukulia Usukumani: ngitili ni kipande cha ardhi ambacho mtu hukifunga, kisilimwe wala kulishwa ovyo, majani na miti vijiotee. Ni akiba ya kiangazi.

3

OFISI YA KIJIJI
TANGAZO
Ni marufuku kulisha mifugo au kukata miti katika ngitili bila ridhaa ya mwenyewe.

Mwenyewe ni nani, tangazo halisemi.

4

Kisimani:

"Mume wa Nyamizi kastaafu udereva, karudi kutoka Kahama."

"Nasikia anachoma matofali. Anajenga nyumba ya wageni."

"Kuni atatoa wapi?"

Wote wakageuka kutazama upande mmoja.

5

Mumewe alipokwenda Kahama, pale penye ngitili palikuwa shamba la pamba lililochoka. Nyamizi alipafunga bila kumwuliza mtu. Alifukuza mbuzi wa shemeji zake, wakamwita mchoyo. Mvua zikanyesha. Visiki vya migunga vikachipua.

Kwale wakarudi.

Uyoga.

Fito za paa, magome ya kikohozi, kivuli cha kumlilia mama yake bila watoto kuuliza kuna nini. Kivuli cha kuchekea peke yake.

Ukame ulipokuja, aliwafungulia ng'ombe wa shemeji walewale. Hawakumwita mchoyo tena.

6

Jana, wakila ugali:

"Ardhi ni ya baba yangu," alisema mumewe.

"Ndiyo, Baba Shija. Na miti?"

"Miti imeota kwenye ardhi ya—"

Nyamizi hakumsaidia kumaliza. Alimwongezea mboga.

"Tangu urudi hujaingia mle. Ingia kwanza uone."

7

*Mimi ndiye mume. Niliingia kukata. Kila shina nililolishika nilijiuliza: mti huu uliota mwaka gani, nami nilikuwa barabara ipi? Nikakaa chini. Nikavua viatu.*

8

Nyamizi alimkuta hivyo, kofia usoni, shoka limelala kwenye majani. Moyo wake ukarudi mahali pake.

"Umekata?"

"Sijui nianzie wapi. Nionyeshe."

Akamwonyesha mgunga uliobanana na mwenzake. "Huu. Ukiondoka, huyu atapumua."

Mume akaukata taratibu, akapanga matawi kando bila kuambiwa.

"Matofali yanataka mingi kuliko huu," alisema.

"Najua."

"Basi nitafikiria."

Nyamizi alikuwa akimtazama anavyofuta jasho, mzee wake, akajikuta anatabasamu.

"Na kule kwenye giza kuna nini?"

"Kule sijawahi kumpeleka mtu."

Nyamizi akakaza kanga kiunoni, akainama kupita chini ya tawi la kwanza.

"Vaa viatu," alisema. "Kuna miba."