Pipa Mahali pa Spika

Jashvant alipofariki mimi nilikuwa Geita, kwenye mashimo ya dhahabu. Habari ilinifikia kwa kuchelewa, kwa mdomo wa dereva wa lori wa Kagongwa. Nikafunga mzigo nikarudi Shinyanga kutoa pole. Miaka mingi tulinunua pamba pamoja huko Kishapu, yeye kwenye mizani, mimi kwenye magunia, na hatukuwahi kugombana ila kwa sababu ya tumbaku yangu.

Mjane wake, Mama Vipul, nilimkuta dukani amevaa sari nyeupe. Kompyuta ya mwanawe ilikuwa imefunikwa shuka, nyeupe pia.

"Pole sana, Mama Vipul."

"Umechelewa, Mabula. Ungekuja juzi ungemsikia."

Akanieleza. Siku za mwisho za baba yake, Vipul alimnasa sauti kwenye ile kompyuta. Mama anasoma Kigujarati tu, kwa hiyo mwanawe alimpangia vipicha kwenye ukanda wa chini ya kioo. Spika ya manjano ndiyo baba. Kila asubuhi, akishawasha taa ya sala, alibonyeza spika na mumewe akasema. Sasa jana umeme ulikatika ghafla, na uliporudi vipicha vyote vilikuwa vimevurugika. Mahali pa spika palikaa pipa la taka.

"Vipul aliniambia kitu kikiingia kwenye pipa, kimetupwa," akasema. "Nimekuwa mjane mara ya pili."

Vipul mwenyewe alikuwa safarini Mwanza. Tukamwita Sanket, fundi wa kompyuta wa mtaa wa pili. Akaja, akaniamkia, akafunua shuka, akacheka. Alipoona hakuna anayecheka naye, akaacha.

"Mama, hakuna kilichotupwa. Kompyuta inaweka michoro yake yote kwenye faili moja. Hilo faili limeharibika, ndiyo maana inachora pipa pasipo na pipa. Programu yenyewe ipo. Nilifute, niwashe upya, itachora sawasawa."

"Ufute?"

"Faili la michoro tu."

"Hufuti kitu humu."

"Basi bonyeza hapo hapo kwenye pipa. Utamsikia."

"Na kama alikuwa hajatupwa? Si ndiyo nitamtupa kwa mkono wangu?"

Sanket akanyoosha mkono kwenye mausi. Mama akaudaka.

Nikaona niseme. "Mama Vipul, kwetu ng'ombe tunamtia chapa. Mwizi akichoma chapa nyingine juu yake, ng'ombe ni yule yule. Ukimwita jina lake anageuka."

"Mume wangu si ng'ombe, Mabula."

"Najua. Ng'ombe hakatazi mtu tumbaku."

Kidogo acheke. Kisha akakaa kwenye kiti cha marehemu, akaangalia lile pipa kwa muda mrefu. Akasema kama ni kumpoteza, afadhali ampoteze yeye, asije akamlaumu mtoto wa watu. Akashika mausi. Mshale ukapita pembeni. Akaurudisha. Akabonyeza.

Kwanza kilitoka kikohozi. Halafu Jashvant akaanza kusema, taratibu, kwa Kigujarati. Mimi sikushika ila jina la mtoto na neno chai. Mama alikuwa akimjibu kwa sauti ya chini, kama watu wanaoongea chumbani. Mimi na Sanket tukageukia rafu za vitenge.

Sauti ilipokwisha, Mama akampa Sanket ruhusa. Sanket akafuta faili, akazima, akawasha. Spika ya manjano ikarudi mahali pake. Mama akaitazama bila furaha.

"Mtoe humo. Mtie kwenye kanda."

"Kanda nazo huliwa na redio, Mama."

"Basi mbili. Moja akae nayo Mabula."

Nikamwambia mimi sina hata redio, na wala sijui kesho nitalala wapi. Akasema hanipi nisikilize. Ananipa nitunze.