Mwezi Ndani ya Hema

Mibangi sita ilikuwa inakufa kwa joto, na dawa ya Analía ilikuwa imebaki chupa moja isiyojaa.

Hiyo ndiyo ilikuwa hali ya nyumba ya Waldemar Bentancor, pale Salto, Januari ile ya ukame. Mto Uruguay ulikuwa umeshuka mpaka mawe ya katikati yakatoa migongo kama ng'ombe waliolala. Katika chumba cha nyuma, chini ya paa la bati, lilisimama hema jeusi lenye ukubwa wa kabati la nguo. Ndani yake mlikuwa na mibangi sita, kama karatasi ya serikali inavyoruhusu, nayo ilikuwa imeanza kutoa maua. Kingo za majani zilikuwa zimejikunja kwenda juu mithili ya viganja vya ombaomba.

Waldemar hakuwa mvutaji. Hata sigara aliiacha zamani. Maua yale yalikuwa ya binti yake. Analía alikuwa na miaka kumi na tisa, na kifafa kilimshika tangu hajajua kusema. Vidonge vya hospitali vilimlaza kama gunia, na bado alianguka. Kilichomsimamisha ni mafuta ya bangi, matone machache chini ya ulimi asubuhi na jioni. Miezi saba ilikuwa imepita bila kuanguka. Alikuwa amepata na kazi, kwenye duka la mikate mtaa wa pili, kupanga biskuti kwenye masanduku. Alikwenda kwa miguu, peke yake, na mama yake alimchungulia dirishani mpaka apinde kona.

"Mzee, inakufa," alisema Nélida, mkewe.

"Naona."

"Unaona, unaona. Mwezi mzima unaona. Wewe si fundi wa baridi? Salto nzima inakunywa bia baridi kwa mkono wako, na nyumbani kwako kunaungua."

Maneno hayo yalimchoma kwa sababu yalikuwa kweli. Waldemar alikuwa ametengeneza majokofu tangu alipoacha shule, na hakuna kompresa, moyo wa jokofu, iliyowahi kumtia aibu. Shida yenyewe aliielewa vizuri. Mbangi unaotoa maua unataka saa kumi na mbili za mwanga na saa kumi na mbili za giza, giza la kaburi, bila kuchungulia. Taa inayoumulika ni kali na inapika hewa. Kwa hiyo wakati wa joto watu hugeuza siku. Taa huwashwa jioni, ikawaka usiku kukipoa, kisha mchana hema linafungwa zipu na kulala, sawa na watu wote wa Salto wanavyofunga madirisha baada ya chakula na kulala. Waldemar alikuwa amefanya hivyo. Aliziba dirisha kwa blanketi, akaziba mpaka tundu la ufunguo. Lakini bati lilikuwa linamwaga moto kutoka juu, na saa nane mchana, taa ikiwa imezimwa, kipimajoto kilikuwa kinasoma arobaini na moja.

Akatoka uani, akaliangalia lundo la majokofu mabovu ambalo Nélida alikuwa amemwomba mara mia aliondoe. Akachagua friji moja nyeupe ya zamani, ya chuma kizito, ambayo moyo wake ulikuwa bado unapiga. Aliung'oa mlango wake, akaweka ubao mahali pake, akaukaza kwa skrubu na kuziba kingo kwa utepe. Kwenye ubao alitoboa matundu mawili, na kutoka kwenye matundu hayo akavuta mabomba mawili ya kujikunja mpaka kwenye hema: moja la kupeleka hewa baridi, moja la kurudisha hewa moto. Mabomba yale yalikuwa yanang'aa ndani kama kioo. Friji yenyewe aliichomeka kwenye uwazi wa dirisha, mgongo ukitazama uani, ili joto lake ilitapike nje. Akafungia feni ndogo ya kusukuma hewa. Kazi safi. Mtu mwingine angeiweka chumbani nzima nzima, ikapoza kwa mbele na kuunguza kwa nyuma.

Aliiwasha jioni, taa kubwa ya hema ikiwa inawaka. Kesho yake mchana kipimajoto kilisoma ishirini na saba. Baada ya siku chache majani yakanyooka.

"Haya, sasa nani hajui kazi?" alimwuliza Nélida.

"Jokofu moja umeliondoa uani," Nélida alisema. "Bado kumi na moja." Lakini alikuwa anacheka, na usiku ule alimkaangia milanesa mbili za nyama ya ng'ombe.

Chumba cha nyuma kikawa ndicho mahali pa baridi kuliko pote nyumbani. Mchana, wazee wakijilaza, Analía alitandika shuka kwenye sakafu kando ya hema na kulala huko gizani. Chini ya hema palikuwa na kidirisha cha wavu cha kupitishia hewa, na yeye alipenda kuweka uso pale, kwa sababu upepo baridi ulitokea hapo.

Siku moja aliita, "Baba. Kuna mwezi."

Waldemar aliruka kitandani bila viatu. Nélida alikuwa ameshatangulia na chupa. Hapa lazima ijulikane kwamba Analía, kila alipokaribia kuanguka, aliona mianga. Mara cheche, mara nyota, mara moja aliona moto kwenye beseni la vyombo. Mianga ilikuwa kengele ya ugonjwa. Ikilia, wazazi walijua wana muda mfupi tu.

"Fungua mdomo, mama," alisema Waldemar.

"Si ule wa kichwani, baba. Uko humo ndani."

"Ndiyo, mama, ndiyo. Fungua mdomo."

Walimpa matone ya ziada, wakamlaza ubavu, wakamwekea mto, wakangoja. Hakuanguka.

"Dawa imewahi," Nélida alisema, akakaa sakafuni.

Siku mbili baadaye Analía akauona tena. Na tena. Kila mara walimpa matone, kila mara hakuanguka, na kila mara wazazi walishukuru. Mara ya mwisho msichana alikasirika. Alibana midomo, Waldemar akambana mashavu kwa vidole mpaka akafungua. Baada ya hapo hakusema tena habari za mwezi. Wakafurahi wakidhani umekwisha.

Februari alikuja Yamandú, kinyozi mstaafu wa mtaa wa nyuma, yeye ndiye aliyewapa miche ya kwanza. Alikuja na kibuyu chake cha yerba, chai chungu ya kwao, mkononi na chupa ya maji moto kwapani, maana bila hivyo Yamandú hakutoka hata kwenda msalani. Ilikuwa jioni, taa ya hema imewaka. Akavaa miwani, akaingiza kichwa, akamwambia Waldemar:

"Bonge, hii friji yako inastahili kuonyeshwa kwenye maonyesho ya mifugo. Ipewe na utepe..."

Akachomoa kitu kwenye ua kwa kucha, akakiweka kiganjani chini ya mwanga. Kilikuwa kidude cha njano, kimepinda kama ndizi, kidogo kuliko punje ya mchele. Akachagua ua lingine, akalifinya. Ikatoka mbegu changa, ya kijani.

"Hii mimea ni majike yote," alisema. "Lakini jike likitishwa linaota dume lake lenyewe na kujitia mimba. Ndizi hizi zimetoa vumbi, feni yako imelisambaza. Angalia. Hapa. Na hapa. Maua yote yameshika mbegu, Bonge, na lenye mbegu halina mafuta ya maana."

"Limetishwa na nini? Joto nimelimaliza."

"Mwanga. Kuna mwanga unaingia mchana."

"Hauingii."

"Unaingia."

"Yamandú, nimeziba tundu la ufunguo!"

"Basi kesho mchana tutaingia humo, wewe na mimi, tufunge zipu, tuone."

Kesho yake, saa ya watu kulala, wakasogeza vyungu viwili nje, wakajipenyeza. Wote wawili walikuwa wanaume wa tumbo. Nélida akawafungia zipu kwa nje, nayo ilikwama kwenye shati la mumewe.

"Ukijamba, Bonge, nitakuua."

"Toa goti lako kwenye mbavu zangu."

"Hilo si goti, ni kibuyu."

"Umeingia na yerba humu?"

"Nilidhani tutakaa sana."

Walicheka mpaka hema likatikisika, na nje Nélida naye alikuwa anacheka, na Analía pia. Kisha wakatulia ili macho yazoee. Giza lilikuwa zito. Polepole, kitu kikaanza kuonekana kwenye ukuta wa hema mkabala na bomba. Kilikuwa duara la mwanga, la manjano hafifu, limetulia. Sehemu yake ya chini ilikuwa imelalia maua.

Kutoka chini, kwenye kidirisha cha wavu, ikaja sauti ya Analía, amelala palepale pake.

"Baba. Umeuona?"

"Nimeuona, mama," alisema Waldemar.

Alitoka, akachukua bisibisi, akafungua skrubu za ubao moja moja. Ndani ya friji, taa ndogo ilikuwa inawaka. Kila friji inayo, na kila friji ina kitufe pembeni ambacho mlango ukifungwa unakibonyeza, taa inazima. Yeye aliung'oa mlango, na ubao wake haukukigusa kitufe. Katika maisha yake alikuwa amebadilisha vitufe kama hivyo visivyo na idadi. Akakibonyeza kwa kidole gumba. Taa ikazima. Akaachia. Ikawaka.

"Mganga hajigangi, Bonge," Yamandú alisema kwa upole. "Yangeweza kumpata yeyote."

"Wengine hawakuambiwa," alisema Waldemar. Akaing'oa balbu, akaitia mfukoni.

Alichopoteza ni hiki. Maua ya mimea yote sita yalijaa mbegu. Yalipokamuliwa, mahali pa chupa nne ilipatikana moja, tena nyepesi. Karibu nusu ya ile chupa ya zamani walikuwa wameimaliza kwa kuutibu mwezi uliokuwapo kweli. Yamandú alitoa akiba yake yote, ikawafikisha Wiki ya Utalii, jina la huko la Wiki Takatifu, na maua mengine yasingekuwa tayari kabla ya Julai. Alhamisi ya wiki hiyo Analía alianguka dukani, juu ya trei. Mpaka baridi ilipoingia alikuwa ameanguka mara tisa. Jino moja la mbele limekwenda. Ana kovu la kuungua kwenye mkono wa kushoto. Kazi ya biskuti amepewa msichana mwingine, na Nélida hana tena wa kumchungulia dirishani. Na Analía, akiona mwanga, wa kichwani au wa nje, hamwambii baba yake.